Uwanja wa ndege uwe karibu na nani? Jibu kwa dereva wa Moshi

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni dereva wa watalii, kwangu ni Majengo, Moshi. Kijiweni kwetu kuna ubishi usioisha. Wenzetu wa Arusha wanasema uwanja mkubwa wa ndege ungepaswa kuwa Kisongo, ulipo uwanja mdogo wa Arusha, kwa kuwa wageni wengi wanakwenda upande wao. Sisi tunasema KIA, yaani Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro, iko Hai, kwetu, na ibaki hapohapo. Wengine wanadai iliwekwa katikati ya pori ili mikoa miwili isigombane. Je, ninyi wataalamu mna kipimo cha kuamua uwanja uwe wapi ili watu wa ukanda mzima waufikie, au ni siasa tu?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Kipimo kipo, tena si kimoja, na hapo ndipo ubishi wenu unapozaliwa. Kila kipimo kina jibu lake. Anayesema Kisongo ameshika kipimo kimoja, anayesema katikati ameshika kingine, na hakuna aliyemwambia mwenzake anapima nini. Siasa huingia mlango huo: kwenye kuchagua kipimo, kabla hesabu haijaanza.

Tuanze na hesabu ndogo ambayo mnaweza kuifanya nyuma ya risiti ya mafuta. Chukulia barabara ya Arusha hadi Moshi ni mstari wa kilomita 80. Chukulia pia kwamba katika kila wasafiri wanne, watatu wanahusika na Arusha na mmoja na Moshi. Uwiano huo nimeuweka kwa ajili ya mfano. Ukijenga uwanja katikati kabisa, kila mmoja anasafiri kilomita 40, jumla 160. Ukiujenga Arusha mjini, watatu hawasafiri kitu na wa Moshi anasafiri 80, jumla 80. Yaani uwanja wa katikati umewagharimu watu haohao safari mara mbili. Sasa usogeze uwanja kilomita moja tu kutoka Arusha kuelekea Moshi: watatu wameongezewa kilomita tatu, mmoja amepunguziwa moja, hasara ni kilomita mbili. Na kila kilomita inayofuata inaongeza hasara ileile hadi ufike Moshi.

Watu wengi hushtuka wakiona hivyo, kwa sababu tumezoea kuamini kwamba katikati ndipo penye nafuu ya wote. Kwenye mstari wa miji miwili, ukitaka jumla ya safari iwe ndogo kuliko zote, jibu ni mji wenye watu wengi zaidi, hata kama umeuzidi mwenzake kwa mtu mmoja. Katikati haimo kwenye jibu hilo. Miji ikiwa sawa kabisa, popote utakapoweka jumla ni ileile.

Lakini badili swali. Uliza: nani ataumia kuliko wote, na tunawezaje kupunguza maumivu yake? Uwanja ukiwa Arusha, mtu wa Moshi anaumia kwa kilomita 80. Ukiwa katikati, hakuna anayezidi 40. Hapo katikati inashinda bila upinzani. Kipimo cha kwanza ni cha jumla, cha pili ni cha haki kwa aliye mbali. Vyote viwili ni halali na vinatumika duniani kote, kuanzia viwanja vya ndege hadi vituo vya zimamoto. Kwa zimamoto kipimo cha pili ndicho huongoza, kwa sababu nyumba ya mwisho ikiungua haisaidii kitu kuambiwa kwamba wastani ni mzuri. Kwa uwanja wa ndege wa biashara wapangaji wengi huanza na cha kwanza, kisha hukipunguza makali kwa cha pili: jumla iwe ndogo, ila pasiwe na wilaya inayoachwa nje ya muda fulani, tuseme saa mbili.

Sasa tutoke kwenye mstari, maana ukanda wetu si mstari. Kuna Rombo, Mwanga na Same upande mmoja, Longido, Monduli na Karatu upande wa pili, Simanjiro kusini, na Babati hawako mbali sana. Kwa hiyo kazi halisi hufanywa kwenye ramani. Kwa kila eneo linalopendekezwa tunachora mistari ya muda: pale unapofika kwa dakika 30, kwa 60, kwa 90, kwa 120. Kisha tunahesabu kilichomo ndani ya kila mstari. Hatuhesabu wakazi peke yao. Tunahesabu vitanda vya hoteli, mashamba ya maua na mbogamboga ya Usa River na Tengeru, mageti ya kupandia mlima kama Marangu na Machame, hospitali ya rufaa ya KCMC, ofisi za Jumuiya ya Afrika Mashariki na kumbi za mikutano za AICC. Mwaka 1959 mpangaji miji wa Marekani, Walter Hansen, alichapisha njia ya kuijumlisha hesabu hii: kila kitu chenye manufaa unakipa uzito, kisha uzito huo unapungua kadiri muda wa kukifikia unavyoongezeka. Hoteli iliyo dakika 20 inahesabiwa karibu yote. Iliyo saa tatu inabaki na chembe. Kila sehemu inapata alama yake, na unaweza kulinganisha Kisongo, KIA, Moshi na hata sehemu ambayo hakuna aliyewahi kuitaja.

Nimesema muda, sikusema kilomita, na wewe dereva unalijua hili kuliko mimi. Kutoka Arusha mjini hadi KIA ni kilomita zipatazo 50, kutoka Moshi zipatazo 40, zikiwemo kama sita za kutoka njiapanda kuingia uwanjani. Kwa karatasi ni safari fupi. Barabarani kuna Tengeru siku ya soko, Usa River, Maji ya Chai, Kikatiti, vibao vya 50 kila penye makazi, matrafiki na tochi zao, na lori lililokata tamaa kwenye kilima. Kipande cha njia nne kutoka Sakina hadi Tengeru kimesaidia sana upande wa Arusha. Baada ya hapo barabara inarudi kuwa njia mbili, na lori moja linaweza kuwachelewesha magari arobaini.

Abiria wa ndege hapangi safari kwa muda wa kawaida. Anapanga kwa muda wa siku mbaya. Kama safari ya KIA kwa kawaida ni saa moja lakini mara moja kwa wiki inakuwa saa mbili, mwenye tiketi ya Amsterdam ataondoka saa mbili kabla, kila mara, na ile saa ya ziada ataimaliza kwenye benchi. Kwa hiyo kwenye ramani zetu tunatumia muda ambao mtu anaweza kuuamini mara 95 kati ya 100. Ukipima hivyo, eneo lililo karibu lakini linalofikiwa kwa kupenya foleni ya mjini hupoteza alama nyingi. Kisongo iko magharibi ya Arusha, barabara ya Dodoma. Kwa mtu wa Moshi maana yake ni kuuvuka mji mzima wa Arusha, au kushika barabara ya mchepuko. Kwa mtu wa Monduli na Karatu ni mlangoni kabisa. Kwa mtu wa Rombo ni safari ya nusu siku.

Hadi hapa nimeongelea ardhini tu, kana kwamba ndege inaweza kutua popote. Haiwezi, na kwa ukanda wetu hili ndilo lililobana uchaguzi kuliko siasa yoyote.

Hewa ya juu ni nyepesi, na hewa ya moto ni nyepesi zaidi. Bawa linapata nguvu kidogo, injini nayo inapata nguvu kidogo, kwa hiyo ndege inahitaji kukimbia mbali zaidi kabla ya kuruka. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, lina kanuni ya kukadiria: kwa kila mita 300 za mwinuko kutoka usawa wa bahari, ongeza urefu wa njia ya kurukia kwa asilimia 7, kwa kila nyuzi moja ya joto linalozidi kiwango cha kawaida cha mwinuko huo, ongeza asilimia 1, na kama njia ina mteremko, kwa kila asilimia moja ya mteremko ongeza asilimia 10. Kisongo iko mita 1,387. KIA iko mita 894. Tofauti ni karibu mita 500, na kwa macho huioni kwa sababu unaishuka polepole ukiwa ndani ya gari.

Tuchukue ndege ambayo pwani, kwa hali ya kawaida, inahitaji mita 2,400 kuruka ikiwa na mzigo na mafuta ya safari ndefu. KIA, tukikadiria siku yenye joto la nyuzi 32, kanuni inatoa mita 3,560 hivi. Njia ya KIA ina mita 3,600. Inaingia, kwa kubanwa. Kisongo, hata tukiipa siku ya baridi zaidi, nyuzi 27, inatoka mita 3,840. Njia ya Kisongo haifiki kilomita 2. Kanuni yenyewe inaonya kwamba nyongeza ya mwinuko na joto ikizidi asilimia 35, usiridhike na makadirio haya, fanya uchunguzi maalumu. Na kote kuwili tumevuka 35. Kwa hiyo nambari hizi ni za kuonyesha mwelekeo, lakini mwelekeo hauna utata. Ndege kubwa ikilazimishwa kuruka kwenye njia fupi ya juu, itaacha abiria au itaacha mafuta. Ikiacha mafuta, lazima itue mahali pengine kujaza, na safari ya moja kwa moja uliyoitaka imekufa.

Milima nayo ina neno lake. Mlima Meru una zaidi ya mita 4,500, Kilimanjaro ina 5,895. Tazama ramani: KIA imekaa kusini, Meru iko kaskazini-magharibi yake, Kilimanjaro kaskazini-mashariki. Njia yake inakwenda mashariki na magharibi, ikikubaliana na upepo mkuu wa mashariki, na upande wa kusini anga iko wazi hadi tambarare za Simanjiro. Kanuni za kimataifa zinataka njia iweze kutumika angalau asilimia 95 ya muda bila upepo wa ubavuni kuzidi kiwango, ambacho kwa ndege kubwa ni kilomita 37 kwa saa. Rubani akitua KIA akaona mambo hayajakaa sawa, ana nafasi ya kupanda tena na kuzunguka. Kadiri unavyosogea kwenye miteremko ya mlima wowote kati ya hiyo miwili, nafasi hiyo inapungua, na ukungu wa asubuhi unaongezeka. Tambarare ya Sanya, ilipo KIA, ni kavu kwa sababu ileile inayowafanya wakulima wake walie: mvua nyingi hubaki mlimani.

Halafu kuna ardhi. Miteremko ya Kilimanjaro na Meru imejaa vihamba (mashamba ya ukoo), migomba na kahawa, na nyumba moja inaonana na nyingine. Kujenga uwanja mkubwa huko maana yake ni kuhamisha maelfu. Tambarare chini ilionekana tupu. Nasema ilionekana, kwa sababu malisho ya wafugaji hayana ukuta wala paa, na mpangaji anayetafuta mahali pasipo na watu huyahesabu kama pori. KIA ilitengewa eneo kubwa mno, takriban kilomita za mraba 110, na mgogoro kati ya uwanja na vijiji vya Hai na Arumeru ulidumu kwa miongo. Hili nalo ni suala la ufikikaji, yaani urahisi wa kufika: uwanja unaofikiwa kwa urahisi na mgeni wa Ulaya huku ukimzuia mfugaji kufika kwenye maji yake umehamisha tu mzigo. Kwenye jedwali la kulinganisha maeneo, safu ya nani anapoteza njia, malisho na makaburi lazima iwemo, na iwekwe mbele, si kwenye kiambatisho.

Niende sasa kwenye nusu ya pili ya jibu, ambayo kwenye vijiwe vingi haitajwi kabisa. Kufika uwanjani si kufika unakokwenda. Muda wa safari ya mtu una barabara, una foleni ya ukaguzi, una kusubiri ndege inayofaa, una kuruka kwenyewe, na una kubadilisha ndege njiani. Uwanja ulio dakika kumi kutoka kwako lakini una ndege ya unakotaka mara mbili kwa wiki uko mbali kuliko ulio saa tano wenye ndege kila siku. Ushahidi mnaupita barabarani: sehemu kubwa ya maua na mboga za ukanda huu kwa miaka mingi imekuwa ikipakiwa kwenye magari, inapita Namanga, inakwenda kupandishwa ndege Nairobi. Shamba linaweza kuwa mwendo mfupi kutoka KIA. Ua halihesabu kilomita, linahesabu saa tangu likatwe hadi lifike mnadani Uholanzi, na Nairobi yenye ndege nyingi za mizigo hushinda hata baada ya kuongeza barabara na mpaka.

Ndiyo maana KIA yenyewe ilijengwa. Kabla haijafunguliwa mwaka 1971, mgeni wa Serengeti na Ngorongoro kwa kawaida alishukia Nairobi akaingia kwetu kwa gari. Mpaka na Kenya ulipofungwa mwaka 1977 na kubaki hivyo hadi 1983, mlango wa kaskazini ulibaki kuwa huo mmoja. Uwanja unaoshindana na Nairobi lazima uweze kupokea ndege ya moja kwa moja kutoka mbali, na ndege ya namna hiyo haiji kwa ajili ya mji mmoja mdogo. KLM kwa miaka mingi imekuwa ikiunganisha KIA na Dar es Salaam ndani ya safari moja ili ndege ijae. Sasa fikiria uwagawe abiria haohao, nusu Kisongo, nusu Moshi. Hakuna upande utakaojaza ndege, na wote mtarudi Namanga.

Wakanada waliupata mfano wa jambo hili kwa gharama kubwa. Mwaka 1975 walifungua uwanja mkubwa wa Mirabel, kilomita zipatazo 55 kutoka katikati ya Montréal, wakiwa na hoja kwamba ungefikiwa pia na watu wa Ottawa. Walichukua ardhi kubwa ya wakulima. Ndege za kimataifa zikaamriwa kwenda Mirabel, za ndani zikabaki Dorval, uwanja wa zamani ulio karibu na mji. Treni iliyoahidiwa haikujengwa, barabara mojawapo haikukamilika. Abiria aliyetua Mirabel akitaka kuunganisha ndege ya ndani alipaswa kupanda basi kwenda Dorval. Mashirika na wasafiri waliona bora kupitia Toronto. Mwaka 1997 ndege za kimataifa ziliruhusiwa kurudi Dorval, na mwaka 2004 abiria wa mwisho waliondoka Mirabel. Ardhi nyingi ilikwisharudishwa kwa wakulima.

Katika habari hiyo umbali si kosa la kwanza. Kilomita 55 ni kama Arusha na KIA. Kilichoua ni kugawa ndege ambazo zinalishana, pamoja na kuchagua eneo kwa kutegemea usafiri wa ardhini ambao ulikuwa bado ni ahadi. Nikifanya tathmini, eneo lolote napima kwa barabara zilizopo leo na zile ambazo fedha yake imeshatengwa. Reli iliyochorwa kwenye kitabu cha miaka 30 haipewi alama.

Je, sisi hatujagawa? Tumegawa, ila kwa namna yenye sababu. Kisongo inahudumia ndege ndogo za kwenda Seronera, Manyara na kwingine mbugani, pamoja na safari za Zanzibar na Dar. Ndege hizo hazihitaji mita 3,600, na abiria wao wengi kweli wamelala Arusha. Kwa kundi hilo kipimo cha jumla kinasema Kisongo, na kiko sahihi. Wenzenu wa Arusha wanaposema wageni wako upande wao, kwa ndege hizi wanasema kweli. Kosa ni kuichukua hoja ya ndege ndogo kama Cessna na ATR na kuivika ndege ya kutoka Ulaya. Nami nikiulizwa leo, karatasi ikiwa nyeupe kabisa, ndege za mbali ningeziweka palepale tambarare ya Sanya. Nisingeziweka pale kwa sababu ni katikati. Ningeziweka kwa sababu maeneo yaliyo karibu zaidi na Arusha yanaiondoa ndege yenyewe, na nusu saa ya ziada barabarani ni bei ndogo kwa kupata ndege ya moja kwa moja.

Uwanja mdogo wa Moshi una kazi yake pia: ndege za kukodi, mafunzo, na mgonjwa anayekimbizwa KCMC, ambaye kwake dakika 40 za kutoka KIA ni nyingi sana. Hiyo ni hoja ya haki kwa aliye mbali, na inatosha kuutunza hata kama hautakuwa na abiria wengi.

Tanzania tumeshafanya uamuzi wa aina hii mahali pengine. Mbeya, uwanja wa zamani ulikuwa mjini, umebanwa na makazi. Mwaka 2012 ndege zikahamia Songwe, nje ya mji, penye njia ndefu inayobeba Nyanda za Juu Kusini. Dodoma nako uwanja umezungukwa na mji, ndiyo maana Msalato unajengwa na njia ya mita 3,600. Kote huko wakazi wa mjini wanapoteza ukaribu, ukanda unapata ndege kubwa. Wakati wa kupima ulikuwa kabla ya kujenga, na hapo ndipo wananchi wanapaswa kuuliza jedwali liko wapi.

Kwa KIA njia ya kurukia haihami. Kinachoweza kuhama ni muda. Kitu cha kwanza ambacho ningekidai, kabla ya jengo jipya lolote, ni basi la ratiba linaloingia hadi mlangoni pa uwanja kutoka Arusha na kutoka Moshi, likipangwa kufuata ndege, na linaloondoka hata kama limejaa nusu. Sasa hivi asiye na gari la kampuni wala pesa ya teksi anashuka na Coaster njiapanda, akiwa na mabegi, kisha anatafuta bodaboda kwa zile kilomita sita. Mfanyakazi wa usafi wa uwanja yumo kwenye kundi hilo kila siku, na wapangaji wengi humsahau kwa sababu hana tiketi. Ufikikaji wake ni mbovu kuliko wa mgeni aliyetoka bara jingine.

La pili ni kipande cha barabara baada ya Tengeru. Njia nne zikifika KIA na kuendelea hadi Moshi, ule muda wa tahadhari ambao kila abiria anauongeza utapungua, na hiyo ni faida kubwa kuliko kupunguza muda wa kawaida. La tatu ni kuunganisha KIA na Kisongo kwa makusudi. Ni takriban kilomita 60, na barabara ya mchepuko inamwezesha mtu kutoka Usa River kufika upande wa Kisongo bila kupita mjini. Mgeni anayetua KIA usiku na kurukia Kisongo asubuhi anaweza kuhudumiwa kwa tiketi moja na gari moja la uhakika. Reli ya zamani ya Moshi hadi Arusha inapita tambarare hiyohiyo, na treni ya abiria ilirudi Moshi mwaka 2019 na Arusha mwaka 2020. Lakini kwa safari chache za treni kwa wiki, haiwezi kufuata ratiba ya ndege, kwa hiyo siihesabu kwa sasa.

Jambo la mwisho linahusu mifuko yenu ninyi mnaonunua viwanja Boma Ng'ombe na kandokando ya njiapanda. Uwanja ukishakaa miaka 50 mji unaufuata, na siku hizi nyumba zinasogea kwa kasi. Pande zote mbili za njia ya kurukia, mashariki na magharibi, kuna ukanda ambao haupaswi kuwa na ghorofa, mnara wala dampo. Taka huleta ndege wa angani, na miongozo ya kimataifa inataka madampo yawe angalau kilomita 13 kutoka uwanjani. Kabla hujalipia kiwanja, nenda halmashauri ukaone ramani ya matumizi ya ardhi, kisha uulize ofisi ya Mamlaka ya Viwanja vya Ndege kama kipande hicho kiko chini ya njia ya ndege. Muuzaji akikuambia hakuna haja ya kuuliza, acha hela yako mfukoni hadi umeuliza.